Edward Steere: Jifunze Kwanza, Ndipo Uhubiri

Soma kwa ajili ya somo hili: Danieli 1:3–20, Nehemia 8:1–8, Matendo 2:5–11, 1 Wakorintho 14:6–11.

Danieli na wenzake walipopelekwa Babeli, waliwekwa kwanza darasani. Kwa miaka mitatu walifundishwa elimu ya Wakaldayo na lugha yao. Mtumishi ambaye Mungu alimtumia kumweleza Nebukadreza habari za ufalme usioangamia alikuwa amekubali kukaa chini na kufundishwa lugha ya watu wengine. Maandiko hayaoni kazi hiyo kuwa ndogo. Yanasema kwamba maarifa na ujuzi wa vijana wale vilitoka kwa Mungu (Danieli 1:17).

Miaka mingi baadaye, katika pwani ya Afrika Mashariki, mtu mwingine alikubali kukaa chini namna hiyo. Matunda ya kazi yake yamefika hata katika madarasa ya Shule ya Sabato ya Naipingo, Nachingwea na Ruangwa, ingawa wengi wanaoyala hawajui jina lake.

Mwanasheria awa mwanafunzi tena

Edward Steere alizaliwa London, Uingereza, mwaka 1828. Alisoma sheria katika chuo kikuu cha mji huo hadi akapata shahada ya udaktari. Baadaye aliiacha kazi ya sheria akawa mchungaji wa Kianglikana katika kijiji cha Little Steeping. Mwaka 1863 alifuatana na rafiki yake, Askofu William Tozer, kuja Afrika na misheni ya Vyuo Vikuu, iliyoanzishwa baada ya wito wa David Livingstone. Safari hiyo ilimtenga na mke wake, aliyebaki Uingereza.

Walianzia upande wa mto Shire, lakini mwaka 1864 wakahamia Unguja. Hapo Steere, mtu mzima wa miaka 36 na daktari wa sheria, alijikuta hawezi kusema na mtoto wa jirani. Hakukuwa na chuo cha kumfundisha Kiswahili, wala kitabu cha kutosha cha sarufi. Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, alikuwa ameandika juu ya Kiswahili cha huko, lakini usemi wa Unguja ulikuwa na njia zake.

Steere angeweza kuhubiri kwa Kiingereza na kumtegemea mkalimani. Badala yake alichukua daftari akaanza kuuliza.

Walimu wake

Walimu wa Steere walikuwa watu wa Unguja wenyewe. Alikaa na wasimulizi, akaandika hadithi zao kama walivyozitamka. Hadithi hizo zilichapishwa mwaka 1870, mwaka uleule kilipotoka kitabu chake cha kufundishia Kiswahili.

Miongoni mwa waliomsaidia walikuwamo Waislamu wasomi. Mmoja wao, Sheikh Abdul Aziz, alijitolea kumfasiria Zaburi kutoka Kiarabu hadi Kiswahili bora kabisa. Steere aliipokea kwa shukrani, lakini alitambua jambo moja: lugha ya sheikh ilikuwa ya kisomi mno. Mtu wa kawaida sokoni asingeifuata vizuri. Hapo Steere alipaswa kuamua Neno la Mungu litavaa lugha ya nani. Alichagua Kiswahili safi ambacho msomi hatakidharau na mchukuzi wa mizigo atakielewa.

Walimu wengine walikuwa wanyonge zaidi. Mwaka 1864 Sultani aliwakabidhi wamisionari wavulana watano waliookolewa katika jahazi la watumwa. Wengine wengi wakafuata. Kati ya watumwa walioletwa Unguja, wengi walikuwa watu wa kusini, Wayao, Wamakonde na Wanyasa, waliokuwa wameshushwa pwani kwa minyororo. Watu wengine waliwaona kama bidhaa. Steere aliwauliza maneno ya kwao na kuyaandika. Hivyo akatoa vitabu vidogo vya lugha mbalimbali, kikiwamo cha Kiyao mwaka 1871 na cha Kimakonde mwaka 1876. Mtu aliyeuzwa sokoni akawa mwalimu, na daktari wa sheria akawa mwanafunzi wake.

Vijana hao hawakubaki wasikilizaji tu. Walifundishwa kusoma na kufanya kazi katika mtambo wa kuchapa, wakipanga herufi za vitabu vya lugha waliyoisema. Mmoja wa wale watano wa kwanza, John Swedi, aliwekwa kuwa shemasi mwaka 1879.

Kutoka Lindi kwenda bara

Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873. Siku ya Krismasi mwaka huo likawekwa jiwe la msingi la kanisa pale pale soko lilipokuwa. Mwaka uliofuata Steere alifanywa askofu. Alihubiri kwa Kiswahili mahali ambapo binadamu walikuwa wakinadiwa, na watu waliweza kumsikia bila mkalimani.

Lakini waliookolewa walitaka kwao. Mwaka 1875 Steere alitua Lindi na kutembea kwa miguu hadi kwa Mataka, mtawala wa Wayao. Mwaka 1876 alirudi Lindi akiwa na kundi la wanaume na wanawake waliowekwa huru, wakashika njia ya bara kupitia nchi ya Wamwera, majirani wa Nachingwea na Ruangwa ya leo. Nia ilikuwa kufika Uyao. Walipofika Masasi, wale watu wenyewe walitaka kukaa hapo, na kijiji kikaanzishwa. Njia iliyokuwa imezoea kuona misafara ya watumwa ikishuka pwani sasa iliona watu huru wakipanda kurudi bara. Na askofu waliyetembea naye alikuwa amejifunza lugha za kusini kabla ya kukanyaga udongo wao.

Steere alifariki Unguja mwezi Agosti 1882, akiwa na miaka 54, akazikwa ndani ya kanisa alilolijenga. Kazi ya kufasiri Biblia iliendelezwa na wengine, na Biblia nzima katika Kiswahili cha Unguja ikatoka mwaka 1891. Baadaye Kiunguja kiliteuliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1952 ikapatikana Biblia ya Muungano, iliyowakutanisha wasomaji wa Mombasa na wa Unguja.

Urithi kwa kanisa la masalio

Steere hakuwa Mwadventista, wala hakuifundisha Sabato ya siku ya saba. Hata hivyo Mungu hutumia mikono mingi kutayarisha shamba. Wamisionari wa kwanza wa Kiadventista, Johannes Ehlers na A. C. Enns, walipofika Upare mwaka 1903, Biblia ya Kiswahili ilikuwa tayari. Nao wenzao hawakuridhika na hapo. Ernst Kotz alijifunza Chasu, lugha ya Wapare, na mwaka 1909 ikachapishwa sarufi yake aliyoiandika.

Siku ya Pentekoste Roho Mtakatifu aliwapa mitume lugha kwa dakika moja. Kwa Danieli ilichukua miaka mitatu. Kwa Steere ilichukua maisha yote yaliyobaki. Mtoaji ni yule yule, na kusudi ni lile lile: kila mtu asikie matendo makuu ya Mungu katika lugha aliyozaliwa nayo. Ujumbe wa malaika wa kwanza umeagizwa kwa kila lugha (Ufunuo 14:6), na lugha ya jirani haijifunzi yenyewe. Kijana anayejiandaa chuoni kwa utumishi na kuhangaika na maneno ya kigeni hapotezi muda wake. Anafungua mlango ambao wengine watapita.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini ni vigumu kwa mtu mwenye elimu kufundishwa na mtu wa hali ya chini? Steere alipata nini kwa kukubali?

2. Nehemia 8:8 inaonyesha kwamba kusoma Neno peke yake hakukutosha. Watu walipaswa kufahamu. Ni maneno gani ya kikanisa yanayotumiwa katika darasa lenu ambayo mgeni asingeyaelewa?

3. Katika eneo lenu, ni nani wanaosikia vizuri zaidi kwa Kimwera, Kiyao au Kimakonde kuliko kwa Kiswahili? Ni nani kati yenu atakayeketi nao juma hili, kwanza asikilize, ndipo aseme?