Mwana wa Mhunzi na Siri ya Chini ya Dunia

Andrija Mohorovičić alizaliwa mwaka 1857 huko Volosko, kijiji cha pwani katika nchi ya Kroatia. Baba yake alikuwa mhunzi, kazi yake kufua nanga za merikebu. Mama yake alikufa Andrija angali mtoto mchanga. Lakini mtoto huyu alipenda sana masomo. Alipopata miaka 15 alijua pia Kiitalia, Kiingereza na Kifaransa. Kisha akaenda Prague kujifunza hesabu na fizikia.

Aliporudi akawa mwalimu, akafundisha katika shule ya mabaharia huko Bakar. Mwaka 1892 akawekwa kuwa mkubwa wa nyumba ya kupimia hali ya hewa mjini Zagreb. Humo viliwekwa pia vyombo vya kupimia matetemeko, kwani mwaka 1880 tetemeko kubwa lilikuwa limeharibu nyumba nyingi za mji huo.

Tarehe 8 Oktoba 1909 nchi ilitetemeka karibu na mto Kupa, si mbali na Zagreb. Andrija akakusanya habari za vyombo vya miji mingi ya Ulaya. Akaona jambo la ajabu: katika miji ya mbali mtikisiko wa kwanza ulifika mapema kuliko alivyotazamia. Kwa nini?

Fikirini wajumbe wawili. Mmoja anashika njia fupi ya mchanga. Mwenzake anazunguka kwanza mpaka kwenye barabara ngumu. Safari ikiwa fupi, yule wa mchanga anatangulia. Ikiwa ndefu, yule wa barabara anampita. Ndivyo ilivyokuwa. Mtikisiko mmoja ulipita katika mawe ya juu. Mwingine ulishuka, ukakuta mawe ya namna nyingine, ukaenda mbio.

Andrija akapiga hesabu, akaona kwamba mawe hayo yanaanza chini karibu kilometa 54. Akatangaza habari hiyo mwaka 1910. Baadaye wataalamu walipima penginepo, wakaona kwamba chini ya bahari mpaka huo uko karibu zaidi. Unaitwa kwa jina lake, na kwa kifupi Moho.

Wala hakuwasahau watu. Aliwaeleza wajenzi namna tetemeko linavyoangusha nyumba, wapate kujenga vema.

Alikufa mwaka 1936. Mpaka leo hakuna aliyechimba shimo hata kuufikia mpaka ule. Mwana wa mhunzi aliufikia kwa kalamu na karatasi.