Rudolf Diesel, mtu aliyepigana na masizi

Mjini Gisenyi, pale mteremko mrefu kutoka Musanze unapoishia ufukweni mwa Ziwa Kivu, jina la Rudolf Diesel halisikiki sana. Dereva wa hapo akifika kituo cha mafuta huomba mazutu, kama wenzake wa Goma ng'ambo ya mpaka. Wanaosema dizeli ni wale wenye malori yaliyotoka Dar es Salaam au Mombasa. Wao, pasipo kujua, wanamtaja Mjerumani aliyepotea baharini usiku mmoja wa mwaka 1913 akiwa na umri wa miaka 55.

Hata asipotajwa, mtu huyo yumo ndani ya kila sampu inayofunguliwa gereji. Fundi anayelala chini ya gari, akalegeza boliti na kukuta oili imegeuka tope jeusi zito kama grisi, anakutana na tatizo ambalo Diesel alianza kupambana nalo mjini Augsburg zaidi ya miaka 130 iliyopita: jinsi ya kuchoma mafuta mazito ndani ya silinda yaishe kabisa, yasiache masizi. Vita hivyo alishinda nusu tu. Nusu iliyobaki wameachiwa wenye magari.

Alizaliwa Paris Machi 18, 1858. Wazazi wake walikuwa Wajerumani kutoka Bavaria, na baba alikuwa fundi wa kujalidi vitabu na kutengeneza bidhaa za ngozi. Mtoto aliingia mapema katika karakana ya baba na kusukuma mkokoteni wa kupelekea wateja mizigo yao. Mwaka 1870 Ufaransa na Ujerumani zilipopigana, Wajerumani walifukuzwa Paris na familia ikakimbilia London, ambako hali ilikuwa ngumu. Rudolf, mwenye umri wa miaka 12, alipelekwa peke yake Augsburg kuishi kwa ndugu wa familia aliyekuwa mwalimu wa hesabu. Familia nyingi za Rubavu na Goma, ambazo zimewahi kufunga virago zaidi ya mara moja kwa sababu ya vita au ya volkano, zinaijua safari ya namna hiyo.

Huko Augsburg aliamua kuwa mhandisi, na hakuyumba tena. Alisoma Munich kwa msaada wa masomo. Mwaka 1879 homa ya matumbo ilimzuia kufanya mtihani wa mwisho pamoja na wenzake, na alipoufanya mwanzoni mwa 1880 alipata alama za juu mno. Mwalimu wake alikuwa Carl von Linde, mtaalamu wa mashine za baridi, ambaye wateja wake wakubwa wa mwanzo walikuwa viwanda vya bia vilivyotaka kupoza bia yao hata wakati wa joto. Diesel akawa mtu wa Linde mjini Paris, akisimamia kiwanda cha barafu. Hataza yake ya kwanza, ya mwaka 1881, haikuhusu injini hata kidogo. Ilihusu namna ya kutengeneza barafu safi ndani ya chupa. Gisenyi, mji wenye kiwanda cha bia tangu mwaka 1957, una haki ya kutabasamu hapo.

Darasani kwa Linde alikuwa amejifunza jambo moja lililomnyima usingizi. Injini ya mvuke, iliyoendesha dunia wakati huo, ilipoteza takriban sehemu tisa kati ya kumi za nguvu ya makaa iliyochoma. Diesel aliwaza hivi: hewa ikibanwa kwa nguvu nyingi ndani ya silinda hupata moto, kama pampu ya baiskeli inavyochemka mkononi. Ikibanwa vya kutosha, mafuta yakipuliziwa humo yatawaka yenyewe bila cheche. Aliombea hataza wazo hilo mwaka 1892, akalitolea kitabu 1893, kisha akaushawishi uongozi wa kiwanda cha mashine cha Augsburg na kampuni ya Krupp kugharimia majaribio.

Jaribio la Agosti 10, 1893 nusura limwue. Mafuta yaliwaka kweli, lakini kwa mlipuko uliorarua kipimo cha shinikizo na kurusha vipande kando ya vichwa vya waliokuwepo. Kwake yeye huo ulikuwa ushindi, maana mafuta yalikuwa yamewaka yenyewe. Februari 17, 1894 injini ilizunguka kwa nguvu zake kwa muda wa dakika moja hivi. Kutoka dakika hiyo hadi injini inayoweza kuuzwa ilipita miaka mitatu mingine.

Miaka hiyo mitatu ndiyo inayomhusu mwenye gari wa leo. Kuwasha mafuta hakukuwa tena kazi. Kazi ilikuwa kuyachoma yaishe. Mafuta yakiingia silinda kwa matone makubwa, au hewa ikiwa haba, tone huungua nje na kubaki kaa ndani. Hilo ndilo sizi. Jingine hutoka kwenye ekzosi kama moshi mweusi, jingine huganda kwenye vali na pistoni, na jingine hupenya kando ya ringi za pistoni likashuka hadi kwenye oili. Diesel alibadilisha namna ya kupulizia mafuta mara nyingi, na mwishowe akatumia hewa iliyobanwa kuyasambaratisha yawe ukungu. Aliwahi pia kufikiria kuchoma vumbi la makaa ya mawe, kwa kuwa lilikuwa rahisi kupatikana, lakini vumbi na majivu yake yalikuwa sumu kwa silinda, yakila chuma kama msasa. Mafuta ya maji yakashinda.

Februari 17, 1897 Profesa Moritz Schröter wa Munich aliipima injini rasmi. Ilikuwa na silinda moja, ndefu kumzidi mtu, yenye nguvu za farasi zipatazo 20, na iligeuza asilimia 26.2 ya nguvu ya mafuta kuwa kazi. Hakuna injini nyingine iliyokaribia hapo. Wanunuzi wa leseni walipanga foleni. Adolphus Busch, tajiri wa bia wa St. Louis nchini Marekani, alilipa marki milioni moja kwa haki za nchi yake. Diesel akawa milionea kabla hajatimiza miaka 40.

Utajiri huo ulitangulia ubora wa mashine. Injini za mwanzo zilizouzwa, ikiwemo ya kiwanda cha viberiti cha Kempten, ziliharibika mara kwa mara, na wateja wakalalamika kwa sauti kubwa. Karakana yenye wahandisi kando ni kitu kimoja, na chumba cha mashine chenye mhudumu wa kawaida ni kitu kingine. Oili za wakati huo nazo zilikuwa mafuta ya madini tu, hazina dawa yoyote ya kusafisha, hivyo masizi yaliganda yanapotua na ringi zikanata kwenye pistoni. Diesel aliugua kwa uchovu wa akili na mwaka 1898 akalazwa. Kampuni aliyohusika nayo Augsburg ya kutengeneza injini hizo haikudumu.

Dawa ya kunata kwa ringi ilikuja yeye akiwa amekufa zaidi ya miaka 20. Katikati ya miaka ya 1930, matrekta ya dizeli ya Caterpillar yalipokuwa yakinata ringi huko Marekani, ndipo zilipotengenezwa oili zenye viambato vinavyoosha chuma na kuyashika masizi yaelee, yasitue. Hapo ndipo penye jambo ambalo wenye magari wengi hulielewa kinyume. Oili ya dizeli kuwa nyeusi muda mfupi baada ya kubadilishwa si ubovu. Ni oili inayofanya kazi yake, imebeba masizi. Ubovu huanza inapobeba hadi kushindwa. Viambato vikiisha, masizi hukutana na oili iliyochakaa kwa joto, na unyevu na mafuta yasiyoungua, vyote vikashikana kuwa tope.

Gisenyi ina kila sababu ya kulipata tope hilo mapema. Ziwa Kivu liko mita zipatazo 1,460 juu ya usawa wa bahari, na barabara ya kutoka Kigali, yenye urefu wa kilomita 150 na ushee, hupanda hadi zaidi ya mita 2,000. Shinikizo la hewa ufukweni mwa Kivu ni pungufu ya lile la Mombasa kwa karibu moja ya sita. Injini ya zamani isiyo na tabo, ambayo pampu yake imepangwa kwa hewa ya pwani, hupewa mafuta yaleyale na hewa pungufu. Moshi mweusi wa malori yanayopanda milima ya Nyabihu unalieleza hilo kuliko kitabu. Kisha kuna foleni ya mpakani, injini ikiunguruma saa nzima bila kwenda, na magari ya mjini yanayokwenda kilomita mbili, yanazimwa kabla injini haijapata joto la kukausha unyevu.

Mafundi wanazo dalili zao. Taa nyekundu ya oili ikiwaka injini inapolala, kelele za vyuma asubuhi, utando mzito chini ya kizibo cha oili. Utando ukiwa mweupe kama maziwa mazito, maji yameingia, na hiyo ni kesi nyingine. Taa ikiwaka gari likiwa njiani, injini huzimwa papo hapo, si baada ya kufika. Tope likiwa dogo, huondolewa polepole: oili humwagwa ingali moto, chujio hubadilishwa, huwekwa oili ya daraja alilotaja mtengenezaji, kisha hubadilishwa tena mapema kuliko kawaida ili ile mpya iende ikiyayeyusha mabaki. Tope likiwa nene, sampu hufunguliwa na chujio la waya la pampu huoshwa kwa mkono, na mpira wa kupumulia injini huangaliwa kama umeziba. Mtindo wa kumimina mafuta ya taa na kuunguruma nayo ni wa hatari. Hulegeza oili inayokinga beringi, na humeng'enya vipande ambavyo huenda moja kwa moja kuziba chujio hilo la pampu. Injini nyingi zimeuawa na usafi wa namna hiyo.

Turudi kwa Diesel. Maonyesho ya Paris ya mwaka 1900 yalimpa tuzo kuu. Hapo pia injini ndogo ya mfumo wake iliendeshwa kwa mafuta ya karanga, jambo lililoivutia serikali ya Ufaransa, iliyotaka makoloni yake ya Afrika yajiendeshee mashine kwa mazao yake yenyewe. Miaka kumi na miwili baadaye Diesel mwenyewe alilirudia wazo hilo la mafuta ya mimea kwa matumaini makubwa. Mwaka 1903 alichapisha kitabu cha kutaka wafanyakazi wamiliki viwanda vyao kwa ushirika. Nakala zilizonunuliwa zilikuwa chache mno, naye aliumia, maana alikithamini sana.

Fedha zilikuwa zikiyeyuka. Alijenga nyumba ya kifahari Munich, akaingia kwenye biashara za ardhi na visima vya mafuta asizozielewa, akapata hasara juu ya hasara. Alikuwa mtu wa hesabu kali mbele ya mashine na mtu wa kudanganyika mbele ya madalali. Wakati huohuo injini yake ilikuwa ikipaa: mwaka 1912 meli Selandia ya Denmark ilikata bahari kuu kwa dizeli, bila bomba la moshi la kawaida. Magari ya barabarani hakuyaona. Malori ya kwanza ya dizeli yalikuja kuuzwa katika miaka ya 1920, na gari dogo la Mercedes-Benz 260 D mwaka 1936.

Jioni ya Septemba 29, 1913 alipanda meli Dresden kutoka Antwerp kwenda Uingereza, ambako alitazamiwa kwenye shughuli za kampuni ya injini zake. Alikula na wenzake wawili, wakatembea kidogo sitahani, na yapata saa nne usiku akashuka chumbani akiacha agizo aamshwe asubuhi saa kumi na mbili na robo. Asubuhi kitanda kilikutwa hakijalaliwa. Kofia na koti lake vilikuwa sitahani, nyuma ya meli. Kwenye shajara, tarehe ile ilikuwa imewekwa alama ya msalaba.

Yalisemwa mengi, kwamba aliuawa na wenye visima vya mafuta, au na wapelelezi wa Kijerumani walioogopa siri za manowari. Hesabu za benki zake, zilizokuwa karibu tupu, zinaelekeza kwingine, ingawa hakuna mahakama iliyowahi kuamua.

Siku hizo bendera ya Ujerumani ilikuwa ikipepea Kissenji, kama Wajerumani walivyouandika mji wakati ule, na bidhaa zilifika hapo vichwani mwa wapagazi. Mnamo Oktoba mabaharia wa chombo cha Kiholanzi waliona maiti ikielea katika bahari iliyochafuka. Walichukua vitu vya mifukoni na kuurudisha mwili majini. Mwanawe Eugen alisafiri hadi Vlissingen, akawekewa mezani kidau cha vidonge, kisu cha kukunja na kibweta cha miwani. Akavitambua vyote kuwa vya baba yake.