Louis Pasteur: Kazi Aliyoifanya Baada ya Kiharusi

Mama wengi wamesikia habari za chanjo ya kichaa cha mbwa. Aliyeipata ni Louis Pasteur, mwanasayansi wa Ufaransa, na aliipata akiwa na mkono na mguu wa kushoto vilivyodhoofishwa na kiharusi.

Kilimpata Paris, Oktoba 19, 1868, akiwa na umri wa miaka 45. Mchana alihisi upande wa kushoto ukimchonyota na mwili ukitetemeka kwa baridi, lakini akaenda mkutanoni hivyo hivyo. Usiku upande huo ukalegea. (Mgonjwa wako akihisi ganzi ghafla upande mmoja, uso ukapinda au ulimi ukawa mzito, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, hata kama dalili zimepita.) Madaktari walimwekea miruba wamnyonye damu, tiba iliyoachwa siku nyingi.

Watu walidhani atakufa. Ujenzi wa maabara yake mpya ulisimamishwa, naye akagundua, likamuuma sana. Habari zilipomfikia mfalme Napoleon III, mafundi walirudishwa kazini. Wiki moja tu baada ya kuanguka, Pasteur akiwa kitandani alimwambia msaidizi wake maneno ya kuandika kuhusu ugonjwa wa viwavi wa hariri, kazi aliyokuwa ameiacha katikati. Miezi mitatu baadaye akasafiri kwenda kusini mwa Ufaransa kuiendeleza. Alikuwa akisema, mkewe Marie akiandika, na kitabu kikatoka mwaka 1870.

Hapo ndipo walezi wengi tunapokosea. Mwili ukipooza tunadhani na akili imekwisha, tunaanza kumwamulia kila kitu. Kiharusi kinaweza kweli kugusa kumbukumbu, umakini na usemi, ndiyo maana mgonjwa anahitaji kazi yenye maana kwake: kuhesabu chenji, kuchambua mchele, kukumbuka tarehe ya kliniki. Mpe muda wa kujibu, usimmalizie sentensi. Akichoka, mwache apumzike.

Pasteur hakuwa na fiziotherapia ya leo. Wewe iulizie kabla mgonjwa hajaruhusiwa kutoka wodini, mtaalamu akuonyeshe jinsi ya kumgeuza, kumkalisha na kumsimamisha. Unapomwinua usimvute kwa mkono uliopooza, maana bega lake huumia kwa urahisi.

Mkono wa Pasteur haukurudi sawasawa, na majaribio mengi yaliyotaka mikono miwili aliwaachia wasaidizi wake. Julai 1885 mama mmoja kutoka Alsace alimletea mwanawe wa miaka 9, Joseph Meister, aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa. Pasteur hakuwa daktari, hivyo sindano zilichomwa na Dk. Grancher, yeye akisimamia. Mtoto hakuugua. Pasteur alikuwa na miaka 62, na bado aliburuta mguu wa kushoto.