Schönbein: Mkemia aliyefichua damu iliyojificha

KATIKATI ya karne ya 19, mtu aliyeua kisha akalifua shati lake kwa uangalifu alikuwa na matumaini makubwa ya kuukwepa mkono wa sheria. Doa lililofifia na kugeuka kahawia lingeweza kuwa damu, kutu, rangi au maji ya matunda, na hakimu hakuwa na njia nyepesi ya kulitambua. Hatari ilikuwa pande zote mbili. Mwuaji angeweza kuachiwa huru, na asiye na hatia angeweza kupelekwa kitanzini kwa sababu ya doa lisilo la damu.

Miongoni mwa waliosaidia kuliondoa giza hilo ni Christian Friedrich Schönbein, mwanasayansi ambaye wengi humkumbuka kwa ugunduzi wa gesi ya ozoni.

Schönbein alizaliwa Oktoba 18, 1799 katika mji wa Metzingen, kwenye eneo la Württemberg, kusini mwa Ujerumani ya leo. Baba yake alikuwa mtia rangi nguo, na nyumba yao haikuwa ya kitajiri. Akiwa bado mvulana alipelekwa Böblingen kujifunza kazi katika kiwanda cha kemikali na dawa. Huko ndiko alikoipata elimu yake ya kemia, kwa mikono kabla ya kuipata kwa vitabu. Baadaye alisoma katika vyuo vikuu vya Tübingen na Erlangen, akafundisha shule nchini Ujerumani na Uingereza, na mwaka 1828 akaajiriwa na Chuo Kikuu cha Basel, Uswisi. Mji huo ukawa maskani yake kwa miaka 40 iliyobaki ya uhai wake.

Swali moja halikumpa usingizi maisha yake yote: ni kitu gani huifanya oksijeni, ambayo kwa kawaida ni tulivu, iamke na kuanza kuunguza, kutia kutu na kupausha rangi? Mwaka 1839, alipokuwa akiyachanganua maji kwa nguvu ya umeme, alinusa harufu kali iliyofanana na ile inayosikika baada ya radi kupiga. Wengine walikuwa wameinusa kabla yake wakaipuuza. Yeye aliifuatilia, akatambua kuwa ni ya dutu ya pekee, akaiita ozoni, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kunusa.

Miaka michache baadaye alitengeneza pamba ya baruti, iliyolipuka kwa nguvu kuliko baruti ya kawaida. Inasimuliwa kwamba alimwaga asidi mezani, akaifuta kwa aproni ya pamba ya mkewe, akaianika karibu na jiko, nayo ikatoweka kwa mwako mmoja wa ghafla. Iwe kisa hicho ni cha kweli au kimetiwa chumvi, habari za pamba hiyo zilienea Ulaya nzima mwaka 1846. Mwaka uliofuata kiwanda kilichoitengeneza huko Faversham, Uingereza, kililipuka na kuua wafanyakazi.

Mwaka 1863 swali lake la oksijeni lilimfikisha kwenye damu. Wakati huo palikuwapo kimiminika kilichogunduliwa na Mfaransa Louis Jacques Thénard mwaka 1818, yaani haidrojeni peroksaidi, ambayo leo wengi wanaijua kama dawa ya kusafishia vidonda. Kimiminika hicho ni mfano wa maji yaliyobebeshwa oksijeni ya ziada. Schönbein aliona kwamba kikiguswa na damu, oksijeni ile huchomoka kwa kasi na povu jeupe hufoka. Tukio hilo likawa kipimo: mchunguzi hudondoshea doa dawa hiyo, kisha hutazama kama litatoa povu.

Siri ya kazi hiyo imo ndani ya chembe nyekundu za damu. Humo mna vichocheo vya asili, pamoja na hemoglobini, ambayo kiini chake kina madini ya chuma. Kichocheo huharakisha badiliko la kemikali bila chenyewe kuisha, na kwa hiyo hata mabaki machache ya damu hutosha kuonyesha dalili. Kiini hicho cha chuma hustahimili miaka na hata joto kali. Mwenye kufua nguo huondoa rangi inayoonekana, lakini si rahisi kuondoa kila chembe iliyojipenyeza katika nyuzi za kitambaa.

Hata hivyo, povu si hukumu. Ukidondosha dawa hiyo juu ya kipande cha kiazi kibichi, nacho kitatoa povu, kwa kuwa mimea mingi ina vichocheo vyake. Baadhi ya madini nayo huweza kumhadaa mchunguzi. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu, lakini si kila wingu huleta mvua. Kipimo cha Schönbein kilimwonyesha mpelelezi mahali pa kutazama. Hakikumwambia damu ni ya nani, wala kama ni ya mtu au ya mnyama.

Schönbein hakuishi kuyaona yaliyofuata. Alifariki dunia Agosti 29, 1868 karibu na Baden-Baden, akiwa na umri wa miaka 68. Mwaka 1901 Mjerumani Paul Uhlenhuth alipata njia ya kutofautisha damu ya binadamu na ya wanyama. Mwaka huohuo njia hiyo ilitumika dhidi ya fundi seremala aliyetuhumiwa kuua watoto wawili katika kisiwa cha Rügen; madoa aliyodai kuwa ni rangi ya mbao yalibainika kuwa damu, mengine ya mtu na mengine ya kondoo.

Mwaka 1937 mkemia mwingine wa Ujerumani, Walter Specht, alionyesha manufaa ya luminoli, ambayo ikichanganywa na peroksaidi na kupuliziwa penye damu hutoa mng'ao wa buluu gizani. Kitu kinachouamsha mwanga huo ni kilekile cha chuma kilichomo katika damu. Nayo ina udhaifu uleule: huweza kung'aa kwa shaba au kwa dawa ya kupaushia nguo.

Ndiyo maana hadi leo wataalamu hutenganisha hatua mbili: kwanza kushuku, kisha kuthibitisha. Tunaposoma kwamba sampuli kutoka eneo la tukio zimepelekwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali zipimwe vinasaba, tukumbuke kuwa mng'ao au povu pekee havitoshi kumtia mtu hatiani.

Basel haijamsahau. Maktaba ya chuo kikuu alichokitumikia ipo katika mtaa unaoitwa kwa jina lake. Lakini ukumbusho wake mkubwa zaidi ni kila mtuhumiwa aliyeachiwa baada ya doa lake kuonekana kuwa kutu tu, na kila mwuaji aliyedhani maji na sabuni vimeifuta siri yake.