Daktari Burkitt na watoto waliovimba taya

Mama, jino la mtoto wako wa miaka sita likilegea, unacheka na kumwambia alirushe juu ya paa. Lakini yakilegea meno mawili matatu ya upande mmoja, shavu likavimba siku hadi siku na mtoto hana jino bovu, hilo si jambo la kucheka. Leo nakusimulia maisha ya daktari aliyeufanya uvimbe huo ujulikane duniani. Alifanya kazi hapa hapa Afrika Mashariki, na alichokiona kinakuhusu wewe uliye Msimbati, Kitaya au Mikindani.

Denis Burkitt alizaliwa mwaka 1911 huko Enniskillen, Ireland. Akiwa na miaka 11 aliumia jicho la kulia, likapotea kabisa. Alianza kusomea uhandisi kabla ya kugeukia udaktari, kisha akawa mpasuaji. Alipoomba kazi Afrika Magharibi walimkataa kwa sababu ya jicho lile moja. Baada ya vita vya pili vya dunia Uganda ilimpokea, naye akafika mwaka 1946 na kupangiwa Lira.

Kule Lira alikutana na ugonjwa ambao watu wa Mtwara na Lindi hamhitaji kufundishwa: mabusha. Alikuwa akiwapasua wanaume wengi, na akagundua kwamba wengi wao wanatoka upande wa mashariki wa wilaya, huku wa magharibi wakiwa wachache. Wengine wangeendelea kupasua tu. Yeye aliuliza kila mgonjwa anatoka wapi. Tabia hiyo ya kuuliza mtu anaishi wapi ndiyo iliyomfikisha mbali baadaye kuliko kisu chake.

Mwaka 1957, akiwa hospitali ya Mulago, Kampala, mwenzake Hugh Trowell alimwita amwone mtoto wa kiume wa miaka mitano. Taya zote zilikuwa zimevimba, juu na chini, kulia na kushoto. Burkitt hakuelewa. Usaha wa jino hukaa sehemu moja, na saratani ya kawaida haianzi sehemu nne kwa pamoja. Wiki chache baadaye alikuwa Jinja, akatupa jicho nje ya dirisha la hospitali na kuona mtoto mwingine, wa kike, mwenye uso kama ule. Akatoka nje kumpima, akakuta na tumboni kuna uvimbe. Aliporudi Mulago alifukua mafaili ya zamani na kuwakuta watoto wengi wa namna hiyo. Kila daktari alikuwa ameandika sehemu yake: huyu taya, huyu figo, huyu tumbo. Hakuna aliyekuwa amewaweka pamoja.

Wala hakuwa wa kwanza kuwaona. Albert Cook, daktari wa misheni ya Mengo, alishaandika juu ya uvimbe kama huo miaka ya 1910 hivi. Ugonjwa ulipewa jina la Burkitt, na picha za watoto wale zilienea katika vitabu vya udaktari duniani kote. Wazazi waliowabeba mpaka hospitali hawatajwi. Mimi kama muuguzi jambo hilo hunikera kidogo, kwa sababu macho ya kwanza kuona uvimbe ni ya mzazi.

Burkitt alijaribu kupasua. Uvimbe ulirudi, uso wa mtoto ukabaki umeharibika, na mtoto akafariki. Mashine ya mionzi Uganda haikuwepo. Ninachomheshimia ni kwamba alikubali kuwa kisu chake hakisaidii, akaanza kutafuta. Kwa ruzuku ya pauni 25 alichapa karatasi zenye picha na kuzituma hospitali mbalimbali za Afrika, akiuliza kama wamewaona watoto wa aina hii. Mwaka 1961 yeye na madaktari wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walinunua gari kuukuu na kusafiri wiki kumi, kilomita zipatazo 16,000, kutoka Uganda hadi Afrika Kusini, wakipita karibu hospitali 60.

Ramani waliyorudi nayo ilisema jambo la ajabu. Ugonjwa ulikuwa kwenye joto na mvua. Milimani, kwenye baridi, haukuwepo, na kwenye ukame haukuwepo. Yaani ulifuata maeneo ya mbu. Leo tunajua mambo mawili hukutana: malaria inayomrudia mtoto mara kwa mara, na virusi viitwavyo Epstein-Barr, vilivyoonekana mwaka 1964 huko London katika uvimbe uliosafirishwa kwa ndege kutoka Uganda. Virusi hivyo huwapata karibu watoto wote kupitia mate, na wengi hawapati tatizo. Saratani yenyewe haiambukizi, kwa hiyo usimtenge mtoto wala kumficha. Ila Mtwara ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi nchini. Chandarua chenye dawa unachomtandikia mtoto kina kazi zaidi ya kuzuia homa.

Kisha zikaja dawa. Daktari kutoka Marekani alimpa Burkitt dawa za saratani azijaribu, na baadhi ya watoto waliokuwa wakisubiri kufa, uvimbe wao uliyeyuka ndani ya siku chache. Wengine walipona moja kwa moja. Mwaka 1967 kituo cha kutibu ugonjwa huo kilifunguliwa Mulago.

Hapo nataka tusimame kidogo. Kila Oktoba tunavaa riboni za waridi na kufundishana kujipapasa matiti. Na mimi hufundisha. Lakini kumwambia mama atafute uvimbe bila kumwambia akiupata aende wapi, kwa nauli ipi, na nani atabaki na watoto, ni kumwachia hofu tu. Wengine hukaa kimya wakiogopa kukatwa titi. Burkitt alikuwa na picha na ramani nzuri, na watoto waliendelea kufa mpaka dawa ilipofika.

Tena uvimbe huu si wa taya peke yake. Miaka ya 1960 madaktari wa Uganda waliandika kuhusu wanawake wajawazito au wanaonyonyesha ambao uliwaanza kwa matiti yote mawili kuvimba haraka. Ni nadra sana. Lakini matiti yakizidi kukua na kuwa magumu, na mtoto akinyonya hayapungui, usikubali kuambiwa ni maziwa tu.

Burkitt aliondoka Uganda mwaka 1966. Miaka yake ya mwisho alijulikana zaidi kwa kuhimiza vyakula visivyokobolewa, dona kuliko sembe kwa lugha yetu, ingawa baadhi ya aliyoyasema hapo yamepingwa. Alifariki mwaka 1993.

Sasa mtoto wako. Nimewahi kumwona mtoto aliyeng'olewa meno matatu kabla mtu yeyote hajamwambia mama yake atafute hospitali kubwa. Uvimbe huu unaweza kuongezeka maradufu kwa siku mbili, kwa hiyo wiki mbili za kungoja ni nyingi. Usimng'oe jino wala usimchanje. Angalia pia tumbo kujaa, jicho kutokeza, au miguu kulegea ghafla. Nenda zahanati na uombe rufaa ya Ligula siku hiyo hiyo. Akihitaji kupelekwa Muhimbili, muulize ofisa ustawi wa jamii wa hospitali kuhusu msamaha wa gharama na nauli. Ni kazi yake. Na unapofika mbele ya daktari, anza na tarehe: siku gani uliuona uvimbe kwa mara ya kwanza, na ulikuwa na ukubwa gani.