Adam Smith na Kazi Isiyozalisha

Katika kata ya Ipagala, Dodoma, mwashi anayejenga ukuta na karani aendaye wizarani hununua unga dukani pamoja. Ni yupi kati yao anayeongeza mali ya nchi? Swali hilo limezidi uzito tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa wingi mwaka 2016. Kwetu Visiwani nako, mchumaji karafuu na karani anayezipima kituoni wanaweza kuulizana vivyo hivyo. Mtu aliyelipa swali hili umbo lake maarufu alikuwa Adam Smith wa Uskochi, na maisha yake yawafaa hasa watumishi wa umma.

Alizaliwa Kirkcaldy mwaka 1723, baba yake, ofisa wa forodha, akiwa amekwisha kufariki. Alisoma Glasgow na Oxford, akafundisha falsafa ya maadili, kisha mwaka 1764 akafuatana na kijana wa kikabaila hadi Ufaransa. Huko alikutana na Quesnay, tabibu wa mfalme, aliyeshikilia kwamba ardhi peke yake ndiyo izaayo ziada, na kwamba fundi na mfanyabiashara ni tasa.

Smith hakukubali kumdunisha fundi. Katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1776 alieleza kwamba kazi ya fundi hubaki ndani ya kitu kiwezacho kuuzwa, bali kazi ya mtumishi wa nyumbani hutoweka ikiisha kutendwa. Katika kundi hilo la pili alimtia mfalme, mahakimu, askari, makasisi, matabibu, waimbaji, hata waandishi kama yeye mwenyewe.

Hapo ndipo wengi humsingizia. Hakusema kwamba kazi hizo ni bure. Nyingine alizikiri kuwa za lazima. Alichohofia ni hesabu: wote hao hulishwa na mazao ya mwaka ya wenzao, na wakizidi mno, hupungua akiba ya kuendeshea uzalishaji wa mwaka ufuatao. Hofu hiyo ni ya haki, na kila apangaye ikama ya wizara hana budi kuikumbuka. Lakini kipimo chenyewe twakiona kifupi. Mwalimu hana cha kupeleka sokoni jioni, ilhali mwashi amejifunza kwake kusoma ramani. Mama yake Smith, aliyeishi naye hadi alipofariki mwaka 1784, naye hakuacha bidhaa yoyote ya kuuzika.

Mwaka 1778 Smith aliteuliwa Kamishna wa Forodha mjini Edinburgh, kwa mshahara wa paundi 600 kwa mwaka. Alihudhuria ofisi kwa bidii. Alipoipitia orodha ya bidhaa zilizopigwa marufuku, aliona kwamba tai zake na leso zake karibu zote zimo. Akazichoma moto, akamshauri rafiki yake mmoja asikague nguo zake wala za mkewe, asije akapatwa na yaleyale. Alifariki tarehe 17 Julai 1790, akiwa bado mtumishi wa forodha.