Habari za Mchungaji Richard Reusch

Wengi wenu mmesikia habari za Kilimanjaro, na baadhi yenu mmeuona mlima huo kwa macho. Juu kabisa, katika kilele cha Kibo chenye mita 5,895, ndani ya ukingo wake liko shimo kubwa lenye jivu katikati, na shimo lile lina jina la mchungaji wa Kiluteri, Richard Reusch. Wageni wapandao huko hulisoma jina hilo katika ramani wakadhani alikuwa mpanda milima tu. Sisi tunalo la kuongeza. Kwa maana atakaye kujua jinsi Kanisa letu la upande wa Kaskazini lilivyofungamana na watu wa Bahari ya Baltiki na wa Uswidi, watu wasioitawala nchi hii hata siku moja, hana njia fupi kuliko kufuata nyayo za mtu huyu.

Alizaliwa mwaka 1891 katika nchi ya mto Volga, huko Urusi, katika ukoo wa Wajerumani waliohamia huko zamani. Malkia Katarina wa Pili ndiye aliyewaita wahenga wao kwa tangazo la mwaka 1763, akiwaahidi mashamba na ruhusa ya kushika dini yao; nao wakakaa zaidi ya miaka mia katikati ya Warusi, wakisema lugha yao na kuwafundisha watoto wao Katekisimu. Richard alikulia upande wa milima ya Kaukazi, kwenye Wakosaki walio mashuhuri kwa farasi, na kwenye makabila mengi ya Waislamu. Bila shaka huko ndiko alikozoea kuishi katikati ya lugha na dini mbalimbali, jambo lililomfaa sana baadaye.

Alipokuwa kijana alikwenda kusoma elimu ya dini katika mji wa Dorpat, ambao wenyeji wake Waestonia huuita Tartu. Habari za chuo kile zafaa kusimuliwa. Mwenye kukianzisha alikuwa Gustav Adolf, mfalme wa Uswidi, ambaye wakati ule alizitawala pia nchi za Baltiki. Alitia sahihi hati yake mwaka 1632 akiwa kambini vitani katika Ujerumani, na mwaka ule ule akafa katika mapigano ya Lützen. Baadaye Warusi waliitwaa nchi, chuo kikafungwa kwa miaka mingi, hata kikafunguliwa tena mwaka 1802. Tangu hapo ndicho kilichowafundisha wachungaji wa Kiluteri wa dola yote ya Urusi, kutoka Baltiki mpaka Volga. Hivyo kijana wa Kaukazi alisoma katika nyumba iliyojengwa na Mswidi, katika nchi ya Waestonia, kwa walimu wa Kijerumani, chini ya Kaisari wa Urusi. Hayo yote yakavunjika mwaka 1917, mapinduzi yalipotokea. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vikafuata, makanisa yakateswa, naye Reusch akawa miongoni mwa maelfu waliolazimika kuiacha nchi ya kuzaliwa wasiione tena.

Hapa yatupasa kurudi nyuma kidogo, kwa kuwa Reusch hakuwa wa kwanza kutoka pande zile. Misioni ya Leipzig iliingia Machame mwaka 1893, na baada ya muda mfupi ilipata vijana wawili wa Baltiki: Ewald Ovir, Mwestonia, na Karl Segebrock, mtu wa Kurland, nchi ambayo leo ni sehemu ya Latvia. Ovir alikuwa na sikio jepesi la lugha. Hadithi na vitendawili vya Wachaga alivyokusanya vilichapishwa Ujerumani mwaka 1897, mwenyewe akiwa amekwisha kufa. Yaani mwezi wa Oktoba 1896 hao wawili walitumwa kwenda kufungua kazi mpya kwa Wameru, wakapiga hema zao Akeri. Wakati huo huo Kapteni Johannes wa jeshi la Wajerumani alikuwa amepiga kambi si mbali nao, pamoja na askari wake. Usiku wa kuamkia tarehe 20 mashujaa wa Arusha na Meru wakawashambulia, wakawaua wamisionari wote wawili pamoja na Wachaga watano waliofuatana nao.

Habari hii hutajwa mara nyingi katika mahubiri, na twaona mara nyingi hutajwa nusu. Mtu wa Meru wa siku zile aliona wageni weupe wamefika pande mbili kwa wakati mmoja, hawa na vitabu na wale na bunduki, angewezaje kupambanua? Kisha Johannes akalipiza kisasi kikali mno. Watu wengi waliuawa, nyumba zikachomwa, migomba ikakatwa, ng'ombe wakachukuliwa kwa maelfu. Damu ya wajumbe wa amani ilifanywa sababu ya kumwaga damu nyingi zaidi, na jambo hilo lilikuwa mzigo juu ya Injili katika Meru kwa miaka mingi. Hata hivyo wamisionari walirudi, wakajenga Nkoaranga mwaka 1902, tena Ilboru kwa Waarusha mwaka 1904. Huko Ilboru ndiko alikofanya kazi Mwestonia mwingine, Leonhard Blumer, aliyejitia katika lugha ya Kimasai.

Ikawa vita vikuu vya kwanza vilipokwisha, serikali ya Waingereza iliwaondoa wamisionari wa Kijerumani mwaka 1920. Makundi ya Kilimanjaro, Pare, Meru na Arusha yakabaki karibu bila wachungaji. Ndipo hati ya uraia ikawa kitu kikubwa katika historia ya Kanisa. Blumer na mwenzake Eisenschmidt hawakuhesabiwa kuwa Wajerumani, bali watu wa Baltiki. Kwa hiyo waliruhusiwa kukaa. Lakini tuseme kweli: watu wawili hawawezi kuchunga milima mitatu. Waliolishika Kanisa katika miaka ile walikuwa walimu wenyeji, watu wa mshahara mdogo, waliofundisha watoto asubuhi, wakazika wafu mchana, na siku ya Bwana wakasoma mahubiri. Katekista asomaye ukurasa huu na ajue kwamba tunamsimulia habari za baba zake katika kazi.

Msaada ulikuja kutoka pande mbili. Kanisa la Augustana, lililoundwa mwaka 1860 na Waswidi waliohamia Amerika, lilituma wamisionari wake kuangalia kazi ya Leipzig mpaka wenyewe waruhusiwe kurudi, kisha likafungua kazi yake Iramba. Na mwaka 1923 akafika Reusch. Mtu asiye na nchi, aliyefukuzwa na mapinduzi, alipokewa mahali ambapo Mjerumani mwenye hati nzuri angekataliwa.

Kazi yake iliyodumu zaidi katika kumbukumbu ni ile ya Marangu, katika shule ya walimu. Alifundisha vijana waliokuwa watumwe katika shule za vijijini, wengine baadaye wakawa wachungaji. Alitumika pia upande wa Arusha na Meru, na kati ya Wamasai, ambao aliwapenda sana. Nadhani zetu ni kwamba wafugaji wale, wenye mikuki na nyika pana, walimkumbusha Wakosaki wa utoto wake. Lugha zilikuwa chakula chake.

Lakini Marangu iko mlangoni pa Kibo, na huyu hakuweza kukaa mlangoni asiingie. Hesabu itajwayo kwa kawaida ni kwamba alipanda mara 65. Mwaka 1926 alimkuta chui aliyekufa na kukauka kwa baridi karibu na ukingo wa kilele, mahali pasipo nyama wa kuwinda wala jani. Akamkata sikio moja liwe ushahidi. Mzoga ule ulikaa miaka kadhaa ukaonekana na wengine, kisha ukatoweka. Habari yake ilivuka bahari, na Mmarekani Ernest Hemingway akamtaja chui huyo mwanzoni mwa hadithi yake ya mwaka 1936 juu ya theluji za Kilimanjaro. Hivyo chui aliyeonwa na mchungaji wetu amekuwa mashuhuri kuliko mchungaji mwenyewe. Nasi twaongeza kwamba mchungaji hakubeba blanketi na kuni zake peke yake. Wanaume wa Marangu walimtangulia na kumfuata katika baridi ile, na hakuna shimo la Kibo lililopewa jina la mpagazi.

Sasa tuje kwenye vitabu vyake, maana hapa sisi wa pwani twaguswa. Mwaka 1931 ilichapishwa Leipzig kazi yake juu ya Uislamu katika Afrika ya Mashariki, naye katika jina lenyewe la kitabu alitangaza kwamba atazishughulikia hasa zile aziitazo jamii za siri, yaani tarika. Ni lazima kukumbuka kizazi chake. Mwaka 1908 ilienea katika miji ya kusini barua iliyosemekana kutoka Makka, serikali ya Wajerumani ikashikwa na hofu, na tangu hapo Wazungu wengi waliona njama katika kila zikiri. Sisi twaandika haya tukiwa Baleni, katikati ya kisiwa cha Mafia, mahali ambapo Waislamu ndio wengi na Wakristo wahesabika. Zikiri twaisikia usiku kutoka kitandani mwetu. Maulidi husomwa uwanjani, taa zikiwaka, jirani wakialikwa, na pilau ikigawiwa hata kwa nyumba ya mchungaji. Siri gani hiyo ipigiwayo matari? Twakiri kwamba Reusch alijitaabisha kusoma mambo ya jirani zake kuliko wengi wetu, ambao twakaa nao miaka ishirini tusijue tofauti ya Kadiria na Shadhilia. Lakini aliwasoma kama mlinzi asomavyo nyayo. Katekista wa pwani akijifunza kwake bidii ya elimu, atakuwa amepata faida. Akijifunza ile hofu, atajifungia milango ambayo jirani wameiacha wazi.

Kitabu chake cha pili, historia ya Afrika ya Mashariki, kilitoka mwaka 1954. Humo asimulia habari za miji ya kale ya pwani, Kilwa ikiwamo, ambayo watawala wake walikuwa na mkono katika kisiwa chetu. Wataalamu waliomfuata hawakukitegemea sana, kwa kuwa huchanganya masimulizi na mambo yaliyothibitishwa. Katika hili twakubaliana nao, ingawa si vibaya kukumbuka kwamba aliona kuwa watu wa nchi hii wana historia iliyostahili kitabu, katika siku ambazo wengi walifundisha kwamba hawana.

Mke wake, Elveda, alitoka katika Kanisa la Augustana, na ndoa hiyo ilimfunga na Waswidi wa Amerika kabla ya vita vya pili kumfunga nao tena. Mwaka 1939 vita vilipoanza, Wajerumani walikamatwa kwa mara nyingine, makundi yakaachwa kwa mara nyingine, na Augustana wakaitwa kwa mara nyingine. Reusch hakufungwa. Mambo ya mwaka 1920 yakarudi, ila kwa tofauti moja kubwa: safari hii walikuwako wachungaji Waafrika waliokwisha kubarikiwa, nao hawakungoja kuonyeshwa njia.

Mwaka 1954, baada ya zaidi ya miaka thelathini, aliondoka Tanganyika. Alikwenda Minnesota, katika mji wa St. Peter, kufundisha chuoni. Chuo hicho kiliasisiwa na Waluteri wa Kiswidi mwaka 1862, na jina lake ni Gustavus Adolphus, yaani yule yule mfalme aliyeanzisha chuo cha Dorpat. Mwanafunzi alianza katika nyumba ya mfalme huyo ng'ambo moja ya dunia, akamaliza kazi kama mwalimu katika nyumba yenye jina lake ng'ambo ya pili, na katikati ya hizo mbili palikuwa na Marangu. Alifariki mwaka 1975, Makanisa saba ya Kiluteri ya nchi hii yakiwa yamekwisha kuungana tangu mwaka 1963. Shimo la Kibo lingali na jina lake. Barafu aliyokuwa akiikanyaga kulifikia imepungua sana tangu siku zake.